Kago la Shangazi na Pesa za Mashimo

Kuna wakati Unguja ilikuwa na mashimo mengi kuliko watu wa kuyatumbukia. Ilikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi. Watu walikuwa wamegaiwa ardhi, eka tatu tatu, na wengi wao hawajapata kushika jembe ila kulihamisha kutoka ukumbini kwenda uani. Serikali ikaona kwamba mtu akipewa shamba bila ya kusaidiwa atalitazama tu, basi ukatoka msaada wa minazi: miche bure, na juu ya miche pesa, kwa mafungu mawili. Fungu la kwanza unalipwa ukishachimba mashimo. Fungu la pili unalipwa bwana shamba akishaingia shambani kwako, akaushika kila mche kwa mkono wake, akauona umeshika, akautia alama ya chokaa.

Fungu la kwanza watu wakaliita pesa za mashimo, na sidhani kama kuna kazi ya kilimo iliyopata kupendwa kama ile. Vinyozi walichimba. Wauza kahawa walichimba. Kulikuwa na bwana mmoja aliyekuwa akiumwa kiuno tangu vita vya Wajerumani, kiuno kikapona kwa msimu mmoja, kisha kikarudia. Ukitembea shamba jioni ilikubidi uangalie chini kama mtu aliyedondosha pete. Nilimwona kwa macho yangu bwana harusi akitumbukia njiani kwenda kuoa, na wasindikizaji wake wakampangusa mchanga kanzuni wakaendelea na kasida pale pale walipoikatisha.

Miongoni mwa waliopata eka tatu alikuwa shangazi yangu, dada yake baba, mjane, mchoma vitumbua wa Ng'ambo. Baraza yake ilikuwa karibu na Mlandege, na kila asubuhi kabla maduka hayajafunguliwa wenye maduka walikuwa wamekwisha jipanga mbele ya chuma chake cha kuchomea. Hakuwa na shamba wala hakupata kuwa nalo. Siku jina lake lilipotoka, alikuja kwa baba kanga kichwani imekwenda upande.

"Kaka, mie nakuna nazi za watu tangu nina meno ya utotoni," alisema. "Sasa nataka niione nazi inadondoka kwangu, nami nimekaa, nisiinuke."

"Mnazi huo utazaa lini?" baba akamuuliza. "Wewe si msichana."

"Mnazi haujui umri wangu. Usiuambie."

Akakirudisha chumba alichopanga, akakifunga chuma cha vitumbua ndani ya kanga kuukuu, akahamia shamba upande wa kaskazini, huko mbele ya Mahonda. Wanawake wa kijiji walimpa mwezi mmoja, kisha atarudi mjini.

Mimi nilikuwa nimepangiwa kusomesha skuli ya huko huko. Chuo kikuu kilikuja baadaye. Wakati ule elimu yangu yote ilikuwa ni cheti kimoja na kalamu ya wino niliyoichomeka mfukoni mwa shati ili ionekane. Nilikuwa mwalimu wa sayansi. Nilikuwa nikiwafundisha watoto namna mbegu inavyoota, kwa kuchora ubaoni, na Ijumaa mchana nilikuwa nikienda kwa shangazi kumweleza mambo hayo hayo wakati yeye anapalilia. Alinisikiliza kwa heshima. Mara moja tu aliniambia, "Mwanangu, ukichoka kusimama, lile jembe la pili lipo pale."

Pesa za mashimo alizipata, akajengea kibanda cha udongo. Kuta zikasimama vizuri, zikapigwa lipu ya udongo mwekundu, zikawekewa dirisha. Halafu pesa zikaisha kabla ya paa. Alikuwa akilala chini ya makuti machakavu aliyopewa sadaka, yaliyofunika pembe moja, na usiku alizijua nyota zote. Hilo halikumshughulisha maadamu ni kiangazi. Lakini masika yalikuwa yanakuja, na kuta za udongo zisizo na paa, mvua ya masika ikizipata, hazibaki kuta. Tegemeo lake lote likawa fungu la pili.

Na fungu la pili lilizaa maradhi yake. Maadamu malipo yanafuata mche, na mche hausemi ni wa nani, watu walianza kuibiana miche. Mche mchanga wa mnazi bado una nazi yake chini. Unaushika shingo, unauzungusha kidogo, unaondoka nao kama unavyoondoka na birika. Unaupanda kwako, unaumwagia maji, ukiulizwa unasema umenawiri kwa mbolea. Kila asubuhi shangazi aliamka akakuta shimo tupu hapa na shimo tupu pale. Wakati huo huo jirani yake wa upande wa magharibi, mpagazi wa zamani wa bandarini, mtu mkubwa mwenye sauti nzuri ya kuadhini, shamba lake lilikuwa linastawi kwa namna ambayo sayansi yangu haikuweza kuieleza.

Ndipo siku moja nikafika nikakuta kago.

Kwa wasiolijua: kago ni kinga ya shamba. Mwenye shamba huenda kwa mtu anayejua mambo hayo, hupewa kitu, hukitundika. Na mwizi akigusa mali iliyokagwa, basi tumbo lake linavimba, au mkono unaganda pale pale alipoutia, inategemea ufundi wa aliyeliweka. Hili la shangazi lilikuwa limening'inizwa kwenye mti wa mwanzo wa njia itokayo kibandani kuingia shambani: chupa ya maji meusi, kifuu cha nazi kilichotobolewa macho, unyoya wa kuku, na vyote vimefungwa kwa kitambaa chekundu. Nilisimama mbali nikalitazama. Upepo ulikuwa umetulia, lakini chupa ikazunguka taratibu ikanielekea.

"Limewekwa na mzee wa Tumbatu," shangazi alisema kwa sauti kubwa, uso wake kaupeleka magharibi. "Mtu mzito! Hata pesa hakutaka, kataka jogoo tu."

Wizi ulikoma usiku ule ule.

Mambo yakawa mazuri mpaka alipokuja bwana shamba. Alikuja kwa baiskeli ya Serikali, debe la chokaa nyuma, brashi mfukoni, viatu vya mpira mpaka magotini. Alikuwa kijana wa mjini aliyepelekwa ng'ambo ya bahari kusomea kilimo, na alipendwa, kwa sababu alikuwa akiwaamkia watu kabla ya kuwauliza habari za mashimo.

"Shikamoo bi mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Pita."

Akapita mpaka kwenye mti wa mwanzo. Akasimama.

"Hiki kitu gani?"

"Kitu gani nini?"

"Hiki. Kinachoning'inia."

"Aa, hicho," shangazi akasema. "Mlinzi."

Bwana shamba akaliweka debe chini polepole, kama mtu anayeweka mtoto aliyelala.

"Bi mkubwa, mie nimesoma sayansi. Mambo haya siyaamini."

"Basi pita."

"Sipiti."

"Si umesema huamini?"

"Siamini. Lakini tumbo ni langu, na kago halijui kama siamini."

Akanigeukia mimi. "Mwalimu, wewe mwenyeji. Chukua brashi, upite na mche mmoja mmoja, mie ntakuangalia kutoka hapa."

"Nnakwenda skuli," nikasema. "Nina kipindi."

"Leo si Ijumaa?"

Nikakumbuka kwamba ni Ijumaa na kwamba skuli imefungwa. "Nina madaftari ya kusahihisha," nikasema, nikaiangalia kalamu yangu. Shangazi alinitazama, na katika jicho lake niliona kitu ambacho wakati ule nilidhani ni hasira. Ilikuwa ni kicheko alichokuwa anakizuia kwa nguvu zake zote.

Kwenye mpaka wa magharibi jirani alikuwa amesimama anatafuna muwa. Hakuwa mtu wa kukosa jambo.

"Na aliondoe yule aliyeliweka," alisema kwa ile sauti yake ya kuadhini. "Likiondolewa na mtu mwengine linageuka. Bi mkubwa, mwite mzee wako wa Tumbatu aje aliondoe, tumwone."

"Mzee wangu amekwenda dago," shangazi akajibu papo hapo. "Wavuvi wakihamia dago kuvua hawarudi kwa kuitwa."

"Basi kazi ipo."

Bwana shamba akajikuna kichwa. Akasema kwamba wiki ijayo atapita mara ya mwisho. Baada ya hapo anahamia upande wa kusini na harudi mpaka masika yaishe. Akikuta kago limeondolewa, atatia chokaa. Akilikuta lipo, ataandika kwamba shamba halikukagulika, na fungu la pili litangoja mwakani. Aliyasema haya kwa huzuni ya kweli. Kisha akapanda baiskeli, na nikaona kwamba alizunguka njia ya mbali ili asipite tena karibu na ule mti.

Tulipobaki peke yetu nikamwambia shangazi nitakwenda Tumbatu mwenyewe kumtafuta huyo mzee, hata kama ni huko dago. Nilisema kwa ushujaa, kwa sababu Tumbatu ilikuwa mbali na mti wa mwanzo.

"Mzee gani?" shangazi akauliza.

"Aliyeweka kago."

Akakaa chini. Akajifunika uso kwa kanga, mabega yakaanza kutikisika, na mimi nikaanza kumpa pole. Alipoufunua uso machozi yalikuwa yanamtoka kwa kucheka.

"Mwanangu, Tumbatu mie naijua kwa macho tu, nikiwa nimesimama Mkokotoni. Chupa ile ni ya dawa ya kikohozi ya marehemu mume wangu. Maji ni kahawa iliyolala. Kitambaa ni pindo la kanga yangu niliyoiunguza kwa mafuta ya vitumbua. Unyoya wa kuku, basi, kuku wapo."

"Na jogoo aliyetaka mzee?"

"Tulimla pamoja. Ulisema mchuzi umekolea."

Nilifurahi mno. Nikainuka. "Basi mambo yamekwisha! Tukalitoe sasa hivi, twende tukamwambie bwana shamba kwamba ni chupa ya kikohozi."

"Kaa," akasema. "Umesoma, lakini kaa. Nikisema leo ni chupa ya kikohozi, kesho naamka na mashimo matupu. Huyo mwenye muwa anangoja neno hilo tu. Na nikinyamaza, bwana shamba haingii, fungu la pili halitoki, na mvua inanikuta sina paa. Hapo sayansi inasemaje?"

Tulikaa tukaziangalia zile kuta nyekundu nzuri zilizofunguka juu kama sufuria. Kwa mbali, upande wa bahari, kulikuwa na wingu moja dogo, nami nakumbuka niliuchukia uso wake.

Wiki ile shangazi alifungua kile chuma cha vitumbua. Nilidhani amekata tamaa, anajitayarisha kurudi Ng'ambo. Kumbe ndiyo kawaida yake: alikuwa hawezi kufikiri mikono ikiwa mitupu. Akaroweka mchele, akautwanga, akachoma, akawagaia watoto wa kijiji, na siku ya pili akanambia, "Nimepata. Askari wa mlangoni hafukuzwi kazi kwa sababu mgeni amekuja. Anaambiwa, huyu mpishe."

Bwana shamba alipokuja, alikuta mkeka umetandikwa karibu na mti wa mwanzo, chetezo kinafuka ubani, na sinia la vitumbua limefunikwa kawa. Nusu ya kijiji ilikuwa imekaa chini, kwa sababu harufu ya vitumbua vya nazi haina mipaka ya eka. Jirani alikuwa mbele kabisa.

"Bado lipo," bwana shamba akasema, akilitazama kago.

"Lipo na litakuwepo," shangazi akasema. "Mwenyewe kaniletea habari kutoka dago. Kasema haliondolewi. Lina macho, lakini halina akili. Lijulishwe tu, mgeni wa heri litampisha. Vua viatu."

"Nivue viatu?"

"Umeona wapi mtu anajulishwa na viatu vya mpira?"

Akavua. Miguu yake ilikuwa myeupe kwa kukaa ndani ya mpira, na wanawake wakainamisha nyuso zao.

"Tanguliza mguu wa kulia. Haya. Sasa sema wewe nani, umetumwa na nani, umekuja kufanya nini. Sema kwa sauti, mlinzi mwenyewe kifuu, hana masikio."

Yule kijana akajinyoosha mbele ya chupa ya kikohozi kama aliyepelekwa mbele ya mkuu wake. Akataja jina lake na la baba yake na la babu yake. Akataja cheo chake, wilaya yake, chuo alichosoma na somo alilofaulu vizuri. "Nimetumwa na Serikali," akasema, "kukagua minazi na kutia chokaa. Sikuja kuchukua kitu."

"Malizia."

"Nimalizie nini?"

"Sema: wala sijapata kuchukua kitu katika shamba hili."

"Wala sijapata kuchukua kitu katika shamba hili."

Shangazi akaizungushia chupa moshi wa ubani, akaitikisa kidogo, akaitegea sikio. Watu wote wakasogea mbele. Mimi nilikuwa ninajua kuna kahawa tu mle ndani, na hata hivyo nami nikatega sikio.

"Limekubali," akasema. "Pita, mwanangu. Bismillahi."

Akapita. Hatua za mwanzo alikwenda kama anayekanyaga mayai, halafu tumbo lake lilipobaki vile lilivyokuwa akachangamka, akaanza kupaka chokaa huku anaimba. Shangazi akaachia kigelegele. Kisha akageuka, uso wake mtamu kama shira.

"Jirani, na wewe njoo. Sisi watu wa mpaka mmoja, haifai mlinzi asikujue. Vua viatu nikujulishe. Maneno umeyasikia."

Jirani alikuwa na kitumbua mdomoni. Akakitafuna, akakitafuna tena. Watu wakageuka kumtazama.

"Siku nyengine," akasema. "Nimeacha mbuzi."

"Mbuzi gani, yakhe?" akauliza mzee mmoja kutoka nyuma. "Si umemuuza Jumatatu?"

"Basi huyo huyo, nakwenda kumwulizia."

Akaondoka, na kicheko kikamsindikiza mpaka kwake. Nataka kumtendea haki: hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wengi na mashimo mengi, na miche ya bure haikumtosha. Asubuhi moja baada ya hapo shangazi alikuta mpakani rundo la miche, imelazwa vizuri, mizizi imefungwa majani ya mgomba yaliyoloweshwa. Bwana shamba alikuwa amekwisha kwenda kusini na chokaa yake, kwa hiyo ile haikulipiwa hata senti. Shangazi akaipanda kuzunguka kibanda. Akampelekea jirani sahani ya vitumbua, bila ya neno, na sahani ikarudi na muwa juu yake. Wakawa wanasalimiana kuanzia hapo kama watu walioshtakiana wakashindwa wote wawili.

Fungu la pili likatoka. Nilikwenda naye kulichukua, na tukarudi na mabati juu ya gari la ng'ombe. Hesabu zake, kama hesabu zote za ujenzi nilizopata kuziona tangu siku hiyo, zilikuwa pungufu: mabati yalitosha upande mmoja wa paa. Upande wa pili ukaezekwa makuti, mapya, yaliyosukwa na wale wanawake waliompa mwezi mmoja. Nyumba ikawa na paa la namna mbili, na wapita njia walisimama kuishangaa.

"Bi mkubwa, mbona hivi?"

"Upande wa bati ni wa Serikali," alikuwa akiwajibu. "Upande wa makuti ni wangu. Kila mtu avujiwe na kwake."

Masika yalianza Ijumaa mchana, niko kwake. Mvua ilikuja moja kwa moja, bila ya kupiga hodi. Upande wa bati ukawa makelele hata huwezi kusikia mtu akizungumza. Upande wa makuti mvua ilikuwa kama watu wanaonong'ona. Tukauhamishia mkeka upande wa makuti. Shangazi akakaa ameegemea ukuta wake mwekundu, mkavu, akaupapasa kwa kiganja kama mtu anayempapasa ng'ombe aliyenunuliwa. Hakuna aliyevujiwa, si yeye wala Serikali.

Halafu akakumbuka kwamba ameiacha ndoo yake mpya katikati ya shamba.

"Kimbia kaichukue, mwanangu. Nzuri ile."

Nikajitupa mvuani, kalamu mfukoni. Nikafika kwenye mti wa mwanzo, na pale miguu yangu ikakataa. Chupa ilikuwa inazunguka kwa upepo. Nilijua ni kahawa. Nilijua kikohozi kilikuwa cha nani. Nilikuwa nimekula jogoo. Nikatazama nyuma: mlango ulikuwa mbali na mvua ni nyingi, haonekani mtu. Nikavua viatu, nikatanguliza mguu wa kulia, nikataja jina langu na la baba yangu na la babu yangu.

"Mwalimu wa sayansi," nikasema. "Nimetumwa na shangazi. Nimekuja kuchukua ndoo."

Kutoka kibandani, juu ya makelele ya lile bati lote, nikasikia kigelegele.